Nani Awachagulie Watanzania Vitabu?

(Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa serikali wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa)



Mnamo Novemba, 1861, Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika katika ikulu ya Mukama Rumanyika wa Karagwe. Walipokewa kwa heshima ambayo wageni wenyewe walikiri kwamba hawakuwahi kuipata mahali pengine njiani. Walipewa malazi, chakula, na ruhusa ya kutembea nchini wapendavyo. Grant, ambaye mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, alibaki akiuguzwa huko miezi kadhaa baada ya mwenziwe kutangulia Buganda Januari, 1862.

Speke aliporudi kwao aliandika kitabu cha safari yake, kikachapwa mwaka 1863. Humo anaeleza jinsi alivyoingia nyumbani kwa shemeji wa Mukama, mama aliyeneneshwa kwa maziwa kama desturi ya ikulu ilivyotaka, akampima kwa utepe mkono, kifua, paja na muundi, kama seremala apimavyo mbao, kisha akaviandika vipimo vyote ili wasomaji wa London wapate la kustaajabia. Ziwa dogo la karibu na ikulu, ambalo wenyeji walikuwa na jina lake tangu enzi za mababu, wageni hao waliona vema liitwe Windermere, kwa kuwa liliwakumbusha ziwa la kwao. Hayo ndiyo malipo ya ukarimu wa Karagwe.

Walakini tusi la utepe ni dogo. Kubwa ni ile sura ambayo Speke aliitenga kwa ajili ya kueleza asili ya watawala wa nchi za maziwa makuu. Hakuwa na ushahidi, wala hakujua lugha za nchi. Bali aliamua kwamba watu aliowakuta wakitawala na kufuga ng'ombe hawakuwa wa damu moja na wakulima waliowazunguka, ila walitoka Uhabeshi na kuwashinda wenyeji. Dhana hiyo ilichukuliwa na wamisionari, ikachukuliwa na maofisa wa Kijerumani na wa Kibelgiji, ikafundishwa katika shule, na huko Rwanda katika miaka ya 1930 ikaandikwa hata katika vitambulisho. Tarehe 22 Novemba, 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya akawaambia wafuasi wake kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mkato ya mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera. Mwaka 1994 wananchi wa kandokando ya Kagera, toka mpaka wa Karagwe na Kyerwa hadi Ziwa Victoria, waliona kwa macho yao mto huo ukileta maiti.

Mtu asidhani kwamba Speke peke yake aliyaua maelfu hayo. Kulikuwa na wauaji wenye majina, na wengi wao wamehukumiwa. Lakini ni dhahiri kwamba kitabu kilichoanza kuandikwa Karagwe, katika ukarimu wa Karagwe, kilikuwa mbegu moja ya sumu ile. Kwa hiyo mtu wa Kyerwa akiulizwa kama maneno ya kitabu yaweza kudhuru, hana haja ya kusafiri kwenda kutafuta mfano. Aende mtoni.

Sasa linakuja swali ambalo limezua mabishano makali katika nchi tajiri kwa miaka mingi, nalo linawahusu walimu wa wilaya hizi mbili kuliko wanavyofikiri. Je, vitabu vya namna hiyo, vya matusi, vya chuki, au vinavyokwenda kinyume cha maadili ya watu fulani, viuzwe au visiuzwe? Na asemaye visiuzwe awe nani?

Kwa sehemu kubwa ya dunia, jibu la swali la pili limekwisha kutolewa bila ya mtu yeyote kupiga kura. Asemaye ni mwuza duka. Kampuni ya Amazon, iliyoanza kuuza vitabu kwa njia ya intaneti mwaka 1995 kutoka mji wa Seattle huko Marekani, imekuwa duka kubwa la vitabu kuliko yote duniani. Kitabu kisichokuwamo katika duka hilo, kwa msomaji wa kawaida wa Ulaya na Marekani, ni kama kitabu kisichoandikwa.

Hapana budi kukubali kwamba mwenye duka anayo haki ya kukataa bidhaa. Mfanyabiashara wa Bukoba akikataa kuweka dukani mwake magazeti ya picha za uchi hamdhulumu mtu. Atakayeyataka ataenda duka la pili, na mwenye duka atalala usingizi mwema. Lakini duka moja linapokuwa ndilo soko lenyewe, kukataa kwake hakuitwi tena kukataa kwa mwuzaji. Kunakuwa ni amri, nayo ni amri isiyotangazwa katika Gazeti la Serikali, isiyojadiliwa na Bunge, na isiyo na mahakama ya kuikatia rufani.

Tena amri hizo hazina msimamo. Novemba, 2010, ilibainika kuwa Amazon inauza kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wenye tabia ya kuwanajisi watoto. Kampuni ilijibu kwanza kwamba kukataa kuuza kitabu kwa sababu ya maudhui yake ni kuminya uhuru. Wateja walipotisha kuhama, uhuru huo ulisahauliwa na kijitabu kikaondolewa. Machi, 2020, kitabu cha Hitler kilizuiwa katika duka hilo hilo, na siku chache baadaye kikarudi. Mwaka uliofuata, baada ya wenye haki za vitabu vya watoto vya Dr. Seuss kutangaza kwamba hawatachapa tena vitabu sita vyenye picha za kudhalilisha watu wa mataifa mengine, Waafrika wakiwamo, soko la eBay liliondoa hata nakala kuukuu ambazo watu binafsi walikuwa wakiuziana. Mwafrika anaweza kufurahi. Lakini ajiulize kama katika shughuli yote hiyo kuna Mwafrika yeyote aliyeulizwa.

Kuna kisa kingine ambacho hakikuhusu matusi, ila chafaa kutajwa kwa sababu kinaonyesha nguvu ya mfanyabiashara wa aina hii. Julai, 2009, wateja wa Amazon waliokwisha kununua vitabu viwili vya George Orwell na kuvihifadhi katika vyombo vyao vya kusomea waliamka wakakuta vimefutwa. Kampuni ilikuwa imegundua kwamba aliyeviuza kwa njia yake hakuwa na haki miliki. Ikaingia katika vyombo vya watu kwa mbali, ikavifuta, ikarudisha fedha. Mkuu wa kampuni aliomba radhi baadaye. Kimoja cha vitabu hivyo Watanzania wanakifahamu kwa jina la Shamba la Wanyama, katika tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Nakala ya Kawegere iliyoko katika kabati la shule, hata kama jalada lake limeliwa na mchwa, haiwezi kufutwa na mtu aliyeko Seattle.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Amazon haikufungua duka kwa ajili ya Tanzania, na mwalimu wa Nkwenda au Kaisho anayesubiri vitabu vya kiada vifike hana nafasi ya kusikitikia kilichoondolewa Marekani. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau simu. Mwalimu huyo huyo, anapotaka kuandaa somo la historia au la fasihi, hufungua simu yake. Kijana wake wa kidato cha nne hufanya hivyo mara nyingi zaidi. Wanachokiona kimekwisha kupangwa na kuchujwa na watu ambao hawajui Karagwe iko wapi. Zamani kasumba ililetwa kwa meli na kufundishwa kwa kiboko. Siku hizi inakuja kwa kifurushi cha shilingi elfu moja, na mlaji ndiye anayelipa.

Ubaya wa kumwachia mfanyabiashara kazi ya uchujaji unaonekana wazi mtu akiyaweka matukio mawili pamoja. Februari, 2021, Amazon iliondoa kitabu cha mwandishi wa Kimarekani Ryan T. Anderson, ambacho ilikuwa imekiuza kwa miaka mitatu, na ambacho kinapinga mawazo ya wale wanaosema mtu anaweza kubadili jinsia yake. Ilipohojiwa na maseneta, kampuni ilijibu kwa barua, Machi mwaka huo, kwamba imeamua kutouza vitabu vinavyoichukulia hali hiyo kuwa ni ugonjwa wa akili. Miaka miwili baadaye, Februari, 2023, Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 katika shule na vyuo, kwa sababu vinakwenda kinyume cha mila, desturi na utamaduni wa Mtanzania. Miongoni mwao mlikuwa na vitabu vinavyowafundisha watoto mambo yale yale ambayo Amazon ilikuwa ikiyalinda. Seattle ilizuia kinachopinga. Dodoma ilizuia kinachounga mkono.

Hapa mtu hahitaji hata kuamua ni upande gani wenye haki ili aone jambo lenyewe. Mfanyabiashara hana maadili ya dunia nzima, maana dunia nzima haina maadili ya namna moja. Ana maadili ya mtaa wake na hofu ya wateja wake wakubwa. Taifa litakaloridhika kuchaguliwa vitabu naye litakuwa limeridhika kulelewa na mtaa huo.

Tofauti kati ya marufuku hizo mbili haiko katika maudhui tu. Waziri alisimama hadharani. Alitaja vitabu kwa majina na idadi. Alisema vimezuiwa wapi, yaani shuleni na vyuoni. Mtanzania asiyekubaliana naye anajua nani wa kumwuliza. Mbunge wake anaweza kumwuliza Bungeni, na gazeti linaweza kuandika. Mwandishi aliyeondolewa Seattle aliamka akakuta kitabu chake hakipo.

Hata hivyo, uzalendo hautaki mtu afumbe macho. Orodha ile ya 2023 iliweka katika kapu moja vitabu vya elimu ya ngono na mfululizo wa shajara za kuchekesha za mtoto wa shule wa Kimarekani, kazi ya Jeff Kinney, ambazo watoto wa shule nyingi za Kiingereza walikuwa wakizisoma kwa miaka. Huenda zina mambo ya utovu wa adabu kwa wazazi na walimu. Huenda kuna kurasa mbaya zaidi. Lakini mwalimu aliyeamriwa kuziondoa alistahili kuonyeshwa ni ukurasa gani na kwa nini, ili kesho akikutana na kitabu cha kumi na saba, ambacho hakimo katika orodha yoyote, aweze kukipima mwenyewe. Orodha isiyo na sababu humfanya mwalimu kuwa mlinzi wa lango tu. Anajua majina ya wasioruhusiwa kupita, lakini hajui wamekosa nini.

Kwamba wachujaji wa nyumbani nao hukosea si jambo la kubuni. Ng'ambo ya Ziwa, katika kisiwa cha Ukerewe, alizaliwa Euphrase Kezilahabi. Mwaka 1971 alitoa riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, kuhusu binti aliyefungiwa mno na baba mkali, akaingia katika dunia bila ya kufundishwa lolote juu yake, na akaangamizwa na wanaume ambao baadhi yao walikuwa wamekabidhiwa kumlea. Riwaya hiyo ilizuiwa shuleni kwa sababu ilisema waziwazi yale yaliyokuwa yakisemwa kwa kunong'ona. Walimu wa siku zile wanajua kilichofuata: wanafunzi waliisoma chini ya blanketi. Baadaye fikra zilibadilika, na kitabu hicho hicho kikawekwa katika orodha ya vitabu vya fasihi vya sekondari, watoto wakatahiniwa juu yake. Kezilahabi alifariki Januari, 2020, akiwa anahesabiwa miongoni mwa waandishi wakubwa kabisa wa Kiswahili.

Sasa ni vema kuuliza kwa nini kosa hilo liliweza kurekebishwa. Liliweza kwa sababu lilikuwa na mahali pa kurudi. Kitabu kilikuwapo nchini, nakala zake zilikuwamo maktaba na majumbani, waliokizuia walijulikana, na waliokitetea walijua mlango wa kubisha. Kama kingekuwa kimefutwa kwa mbali usiku mmoja, wala pasiwe na aliyejua kwamba kimefutwa, leo kisingekuwapo cha kutahini.

Wapo waungwana wanaotoka katika mifano hiyo wakakimbilia upande wa pili, wakidai kwamba kila kitu kiuzwe na kila mtu ajichagulie. Hao wamesahau mto. Gazeti la Kangura lilianza kutolewa Rwanda mwaka 1990, na kwa miaka minne liliwafundisha wasomaji wake kumchukia jirani. Tarehe 3 Desemba, 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, ilimtia hatiani mhariri wake, Hassan Ngeze, pamoja na wenziwe wawili wa redio ya RTLM. Rufani ilisikilizwa, baadhi ya makosa yakafutwa na adhabu zikapunguzwa mwaka 2007, lakini hukumu ya msingi ilibaki: mtu anaweza kuwa mhalifu kwa kalamu yake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa kila mtu, katika ibara ya 18, haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi. Haikumpa mtu haki ya kuchochea mauaji ya wenziwe.

Lakini tazama jinsi Arusha ilivyofanya kazi yake. Matoleo ya Kangura hayakuchomwa moto ili watu wayasahau. Yaliletwa mahakamani, yakatafsiriwa, yakasomwa mstari kwa mstari mbele ya mshtakiwa na mawakili wake, yakawa vielelezo. Kama mwuza magazeti mmoja mkubwa angekuwa na uwezo wa kuyafuta yote duniani mwezi Agosti, 1994, kwa nia njema kabisa, Ngeze angekwenda nyumbani kwake.

Kwa maana hiyo watumishi wa umma wanapoambiwa kitabu fulani kiondolewe, wanayo haki ya kuuliza mambo ya kawaida kabisa ambayo karani yeyote angeyauliza kuhusu mali ya serikali. Ameagiza nani, lini, kwa sababu gani, kinaondolewa wapi, na nakala iliyobaki inahifadhiwa wapi? Kuondoa kitabu katika mkoba wa mtoto wa darasa la nne ni jambo moja. Kukiondoa katika maktaba ambamo mwalimu wake anaweza kukisoma na kujua anachomkinga nacho mtoto ni jambo jingine. Baba wa Taifa, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa Rais, alitafsiri Mabepari wa Venisi mwaka 1969, mchezo ambao hadi leo Wayahudi wengi wanauona kuwa umejaa dhihaka juu ya watu wao. Hakuufungia kabatini. Aliuweka katika Kiswahili, na kwa jina lile alilolichagua akauonyesha umma wa Watanzania kuwa kisa kile ni cha mabepari.

Na kitabu cha Speke je? Hakuna soko lililokikataa. Kwa kuwa ni cha zamani na haki miliki yake imekwisha, kinapatikana bure katika intaneti, chote, pamoja na utepe wake na Uhabeshi wake. Mwanafunzi wa Kayanga anaweza kukifungua mchana huu kwa simu. Wala haifai kizuiwe. Ndani yake, mbali na matusi, mna maelezo marefu ya ikulu ya Rumanyika, ya biashara yake na wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Pwani, na ya uhusiano wake na majirani, ambayo mwanahistoria wa Karagwe hawezi kuyaacha.

Mwanahistoria huyo alikuwapo. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme wa Karagwe na ya Wanyambo, ikachapwa mwaka 1975 na East African Publishing House ya Nairobi. Aliwasoma wasafiri wa Kizungu, akawasikiliza na wazee waliotunza habari za nchi, akaweka pamoja historia ambayo Bweranyange ndiyo kitovu chake, wala si London. Kitabu hicho nacho hakuna aliyekipiga marufuku. Hakuna waziri aliyekitaja, hakuna kampuni iliyokifuta. Kilichapwa, nakala zikaisha, nyumba iliyokichapa ikafa, na basi. Kwa hiyo mtoto wa Karagwe anayeuliza habari za babu zake hupata jibu la mgeni aliyekaa wiki chache mwaka 1861, bure na kwa sekunde mbili, na jibu la Katoke hulikosa.

Halmashauri za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, hukusanya ushuru wa kahawa kila msimu. Kukubaliana na wenye haki ya kitabu cha Katoke, kukifasiri kwa Kiswahili, kupata ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kuchapa nakala za kutosha kwa kila shule ya sekondari kutoka Murongo hadi mpaka wa Biharamulo, ni gharama ambayo mabaraza mawili ya madiwani yanaweza kuijadili katika kikao kimoja cha bajeti. Walimu wa historia na wa Kiswahili wa wilaya hizi wanatosha kuifanya kazi ya tafsiri, na maofisa elimu wanajua ni nani kati yao anayeiweza.